Wagongaji wa Mlima Igoka

Asubuhi hiyo mlima ulinyamaza, na mimi kwa ujinga wangu nikafurahi.

Nilikuwa kituo cha ukaguzi, kwenye kiti cha usikilizaji, tangu kabla jua halijachomoza, vifaa masikioni, chai ya maziwa inapoa pembeni. Igoka huwa hainyamazi. Ukivaa vile vifaa unasikia ko, ko, ko, chuma juu ya mwamba, mchana na usiku, mpaka ukienda kulala kichwa bado kinagonga. Mume wangu wa kwanza alisema nakoroma kwa mapigo. Sasa hakuna kitu. Nikavivua, nikavipuliza, nikavivaa tena. Kimya kabisa.

"Mzee," nikaita. "Hebu njoo usikie."

Mzee Rwegoshora alitoka chumba cha pili akifunga vifungo vya shati. Ndiye mkaguzi mkuu wa kanda, Mhaya mrefu aliyekulia Bukoba, mtu anayepiga shati pasi hata kama anakwenda kukaa porini na nyani. Akavaa vifaa, akafumba macho.

"Wameondoka," akasema. "Nkwimba, wagongaji wamegoma. Nilisikia Kampuni haijawapa chochote tangu mfungo. Wamegoma kweli."

Akakaa chini, akaanza kulia mbele yangu bila aibu. Mimi nikageukia dirishani nikijifanya natazama paneli za umeme, maana sikujua mtu mzima wa namna ile unambembelezaje.

Kilio chake nilikielewa. Mizizi ilipandwa Igoka baada ya nchi kuchoka. Mkaguzi alinunuliwa, mizani ikanunuliwa, hakimu akanunuliwa, mpaka mtu mmoja bungeni akauliza kwa nini wasiweke kitu kisichojua pesa ni nini. Ndipo maabara zikatoa zile nyuzi hai tunazoziita Mizizi, nyembamba kuliko unywele, zikapandwa juu ya milima zikatambaa zenyewe hadi chini. Zinasikia kila pigo la chuma. Jiwe lenye dhahabu lina mlio wake na Mizizi inaujua, kwa hiyo inajua Kampuni imechimba nini hata kama Kampuni imetangaza robo yake. Na ikishajua haipigi simu wala haiitishi kikao. Inatoa utomvu. Utomvu unajaza shimo la wizi, unakauka, unakuwa mgumu kuliko mwamba wenyewe, na mashine na dhahabu vinabaki humo humo mpaka mahakama ije ikate ione kwa macho yake. Kabla ya hapo kila hakimu aliyefika alikuta shimo limefukiwa na mbuzi wanakula majani juu yake.

Sheria ilibakiza huruma moja tu: utomvu hautoki penye watu. Shimo liwe kimya tangu jua linapochomoza hadi linapozama, kisha mkaguzi aweke kiganja chake kwenye sahani ya kituoni kuiruhusu Mizizi. Kampuni iliisoma sheria hiyo vizuri kuliko walioitunga. Ikaajiri wagongaji.

Mgongaji hachimbi. Anakaa ndani ya shimo ambalo halipo kwenye ramani, anapiga nyundo kwenye ukuta usio na kitu, zamu kwa zamu, ili Mizizi isikie kuna watu. Ujira wake ni kiroba cha mawe akasage mwenyewe kwenye karasha, akipata kapata, akikosa kakosa. Mdogo wangu Luhende alikuwa mgongaji. Nilimfokea, nikamnunia, nikamwambia anawakinga wezi kwa mwili wake. Akacheka. "Dada," akaniambia, "wewe unalipwa kusikiliza, mimi nalipwa kugonga. Tuko ofisi moja." Ningemzaba kibao kama asingekuwa na watoto wanaomtazama.

"Leo ndiyo leo," Mzee Rwegoshora alisema akifuta uso. "Kesho leseni mpya inaanza, mpaka unasogezwa, shimo linakuwa lao kihalali. Tumebakiwa na jua hili moja."

"Mpaka lizame."

"Likizama naweka kiganja, na kesho naamkia mahakamani." Akanyoosha kola ya shati. "Mke wangu alifia kwenye benchi la zahanati, Nkwimba. Benchi, siyo kitanda. Muuguzi alikuwa anamulika kwa simu. Na shimo hili linatoa kwa mwezi mmoja kinachotosha kujenga hospitali. Nimelifukuzia miaka yote hii. Sasa Mungu kanifungulia."

Nikamwambia amina. Nilisema kwa moyo wote.

*

Ilipofika adhuhuri kimya kilianza kunikera. Nilijiambia Luhende yuko nyumbani anakula, lakini nikapiga simu kuhakikisha. Akapokea mkewe.

"Wifi Limi, huyo bwana amerudi?"

"Hajarudi. Aliingia jana jioni, zamu yao inatoka leo jioni. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimemkumbuka tu."

"Wifi, usinifiche. Jana usiku mlima ulikohoa. Vyombo vyangu vyote kabatini vilitikisika. Nimekwenda getini wamenifukuza, wanasema hawamjui Luhende wala shimo lolote."

Nilimwambia atulie, nikakata simu, nikakaa sakafuni.

Sisi watu wa Igoka, mtu akifia shimoni, chuma hakigusi jiwe mpaka atolewe azikwe. Hatufundishwi na mtu, tunazaliwa tunaikuta mila hii. Tunaamini ukigonga na marehemu yumo, unampigilia humo kama msumari, hatoki tena, na hata ukimzika makaburini unazika nguo tu. Baba yetu alipofia ndani ya duara, shimo la zamani la wachimbaji, mlima mzima ulikaa bila kugonga, hata wale waliokuwa wanagombana naye. Watu walimchimbua kwa mikono mpaka kucha zikatoka.

"Mzee," nikasema. "Hawajagoma."

"Unasema?"

"Shimo limeanguka jana usiku. Kuna mtu amekufa humo, na wenzake wamekaa naye. Ndiyo maana hawagongi. Ni msiba."

"Wanajua kwamba ule ugongaji wa nyundo ndio unaowaweka hai?"

"Wanajua."

"Na bado wameacha?"

"Ndiyo, mzee."

"Hakuna mtu anayeweza kufanya hivyo."

"Wa kwetu wanaweza. Wamefanya. Mizizi haisikii pumzi wala maongezi, wataalamu waliifundisha chuma peke yake, maana mwizi wa madini haibi kwa mdomo. Wako humo wamekaa kimya, na jua likizama utawamwagia utomvu."

Akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Nilijua anachokwenda kusema kabla hajafungua kinywa, na sikuweza kumlaumu.

"Msikilizaji wa kabla yako aliniambia kuna watu," alisema polepole. "Na wa kabla yake. Kila tukikaribia, msikilizaji anasikia watu. Nawaamini, siweki kiganja. Mwaka unaofuata namkuta mjini kajenga ghorofa."

"Mimi nimejenga nini? Njoo uone ninapolala."

"Mdogo wako anakula kwa Kampuni. Ulidhani sijui?"

Alikuwa anajua siku zote na hakunifukuza, na mimi siku zote nilikuwa nikimficha.

"Niletee pigo moja," akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka. "Moja tu, Mizizi ilisikie. Sitaweka kiganja, nakuapia kwa kaburi la mke wangu. Lakini neno la mtu, mwanangu, mimi sina tena pa kuliweka."

Nikapiga simu kikosi cha uokoaji wilayani. Kijana aliyepokea akaniuliza jina la mgodi. Nikamtajia upande wa kaskazini wa Igoka. Akatafuta kwenye ramani, akaniambia kwa adabu zote upande huo hakuna mgodi, kwa hiyo haiwezi kuwepo ajali, akanitakia siku njema. Kampuni nayo ilijua tangu usiku. Ingetaka kuwachimbua ingekuwa imeshaanza, na kuchimbua ni kukiri kwamba shimo lipo. Nikachukua redio ya mkononi na ufunguo wa pikipiki.

*

Luhende aliwahi kunionyesha mpira wa kupitishia hewa shimoni unakotokea. Uko nyuma ya mlima, nje ya uzio, katikati ya shamba la pamba la mtu, umefunikwa viroba vitupu. Mpira wenyewe mnene kama paja, feni yake ndogo inazunguka kwa umeme wa jua. Niliitoa feni, nikapiga magoti kwenye miba, nikaingiza uso mzima.

"Jamani! Mko humo?"

Hewa ya moto ikanijia usoni, na harufu ya baruti. Nikaita tena. Nikaita mpaka koo likakauka. Nilishaanza kuamini kwamba mzee yuko sahihi, wote wako nyumbani wanakula ugali, mimi ndiye mwendawazimu, na nilitamani sana iwe hivyo.

"Nani huko?" Sauti ilikuwa mbali, ya kukwaruza.

"Nkwimba. Nkwimba wa kituoni, dada yake Luhende. Wewe nani?"

Nilisikia wanaongea wenyewe kwa wenyewe, chinichini, kama watu wanaobishana nani aende mlangoni.

"Dada, ni mimi Gwisu," ikasema ile sauti hatimaye. Gwisu nilimjua, alikuwa msimamizi wa harusi ya Luhende. "Nani amekwambia?"

"Ameniambia nini?"

Nikauingiza uso zaidi.

"Gwisu. Nani ameniambia nini?"

"Dada, toka hapo kwenye mpira. Nenda nyumbani kwa Limi, ukae naye."

Sikulia. Siwezi kueleza kwa nini. Nilikaa nimeshika ule mpira kwa mikono miwili, nikasikia mwenye shamba kwa mbali anafukuza ndege, nikawaza kwamba Luhende alikuwa hajamaliza kuezeka jiko la mkewe.

"Alikufa vipi?" nikauliza.

"Paa lilishuka. Alikuwa nyuma anatusukuma tupite. Hakuteseka, dada." Ndivyo wanavyosema siku zote. "Tuko wanane. Njia imeziba. Tunachimbua kwa mikono, lakini jiwe ni kubwa. Tunaye hapa, tumemfunika mashati yetu."

Nikabonyeza redio. "Mzee, nimewapata. Nimeongea nao. Wako wanane wazima, na maiti moja. Maiti ni ya mdogo wangu."

Redio ilikoroma kidogo. "Pole, Nkwimba," akasema. Halafu akasema, "Mizizi haijasikia kitu."

"Nimekwambia nimeongea nao!"

"Na wa kabla yako aliniambia mtoto wake yumo humo. Alilia kweli kweli, nikalia naye. Hakuwa na mtoto." Nilimsikia anavuta pumzi. "Nakuomba, mwanangu. Nakuomba na mimi. Pigo moja tu."

Jua lilikuwa limeshagusa migongo ya vilima. Nikautazama mlima, na hapo, nasema wazi, niliwaza kunyamaza. Niliwaza nirudishe ile feni, nipande pikipiki, niende kwa Limi kama nilivyoambiwa. Jua lizame. Kampuni ife. Mahakama ikate mwamba na kuwanasa wakurugenzi na dhahabu yao yote, na Luhende awe shahidi wa mwisho, asiyeweza kununuliwa. Wamemuua mdogo wangu na nilikuwa na fimbo ya kuwapiga nayo mkononi. Nilichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Wale wanane walichagua wenyewe kukaa. Ndivyo nilivyojiambia, na kwa muda mfupi maneno hayo yalinikaa vizuri mdomoni.

"Dada," Gwisu akaita kutoka chini. "Bado uko hapo? Mdogo wangu Shilinde anauliza kama nje kuna mvua. Ana homa, anataka kusikia mvua."

"Hakuna mvua," nikasema. "Gwisu, nisikilize vizuri. Mlima hausikii pumzi zenu. Jua likizama utomvu unakuja. Pigeni nyundo, sasa hivi."

"Tunajua habari ya utomvu."

"Basi pigeni!"

"Tumgongelee Luhende?" Aliuliza bila ukali, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri. "Aliyetusukuma tukapita? Tumeshaongea, dada. Tumekubaliana wote. Labda tutaifungua njia kwa mikono kabla ya jua."

"Jiwe mmeshindwa tangu jana."

"Tutajaribu."

Nilimtukana. Nilimtukana yeye, na mila zetu, na babu zetu walioziweka, na Luhende aliyekubali kiroba cha mawe, na mzee kule kituoni na kiganja chake kisafi. Wakanisubiri nimalize, jinsi watu wa msibani wanavyomsubiri mfiwa. Nilipoishiwa, Gwisu alisema neno moja tu, kwa sauti ya chini sana.

"Wa damu yake anaweza kuruhusu chuma. Unajua hilo, dada. Lakini hatuwezi kukuomba."

Nilijua. Nilijua tangu Gwisu alipojitaja, na ndiyo maana nilikuwa natukana. Baba yetu alipofia shimoni, mama aliombwa aruhusu chuma ili wapitishe njia fupi. Alikataa, na watu wakachimba kwa mikono mpaka wakamtoa, na mama akamzika yeye, si nguo tu, akalala usingizi kila siku ya maisha yake. Mimi nilikuwa naombwa nimpigilie Luhende kwenye mwamba wa wezi. Tena kwa faida ya wezi, maana pigo hilo ndilo lingewaokoa na wao, leo, na kesho, na miaka yote leseni itakayodumu.

Nikarudisha uso kwenye mpira.

"Luhende," nikasema. Ilibidi nimtaje, ndivyo inavyofanywa. "Luhende mwana wa Ngelela, ni mimi Nkwimba niliyekubeba mgongoni. Naomba radhi. Wenzako wako hai na wanataka kutoka. Mimi damu yako nimeruhusu chuma. Kama kuna kosa, ni langu, usiwashike wao."

Nikasikia mtu analia, nadhani ni yule mdogo mwenye homa.

"Pigeni," nikasema.

Ko.

Lilikuwa pigo dogo la kuogopa. Kisha la pili, kisha nyundo zote, nikazisikia kwa masikio yangu mwenyewe kupitia mpira na kwa magoti yangu kupitia udongo.

Redio ikalia. "Nimesikia," alisema Mzee Rwegoshora. "Mizizi imesikia. Siweki kiganja." Alikaa muda bila kuzima redio, na nilisikia yote, kiti kinavutwa, karatasi zinaanguka, mzee wa watu anarudia jina la mke wake. "Nisamehe, Nkwimba. Ningewaua," akasema, kisha, kwa sauti ambayo sijui kama alikusudia niisikie, "Tumekwisha."

Jua likazama juu ya pamba kama siku yoyote nyingine.

Nikasikia gari la Kampuni linakuja kando ya uzio, taratibu, taa zimewashwa. Akashuka Bwana Hosea, mkuu wao wa ulinzi, mtu mpole, anayesali mstari wa mbele kanisani kwetu. Akautazama mpira, akainamisha kichwa akasikiliza zile nyundo, akanitazama mimi niliyepiga magoti. Uso wake ukajaa heshima.

"Dada Nkwimba," akasema. "Kumbe na wewe ni mtu wetu. Mbona hukutwambia mapema? Tungekutunza."

"Nitolee mdogo wangu."

"Kesho, leseni ikianza, tunafungua bila shida. Tutaleta na jeneza, la mninga, sio mbao za ovyo."

"Kuna watu wanane wanapumua humo. Mmoja ana homa. Watoe leo."

Akatazama mlima, akatazama saa yake, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Leo, dada yangu, humo ndani hakuna mtu."

Nikageukia mpira. Pigo moja lilikuwa limetosha, lakini chuma kilikuwa kimesharuhusiwa na wao walikuwa wanauvamia ukuta kwa nguvu zao zote, juu ya kichwa cha Luhende, na usiku huo nikauona hauna mwisho. Nikainama nikawaambia basi, inatosha, mwacheni apumzike. Kwa kelele za nyundo hawakunisikia.